Posho ya Marekani na ile miaka mitano

Mpwa wangu, pamoja nanyi ndugu zangu wote wa kundi letu la ukoo,

Ujumbe wa sauti mnaotumiana, unaodai kwamba mshindi wa bahati nasibu ya Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, akishatua Marekani achague tu jimbo lenye posho nono kwa wahitaji kwa kuwa mahakama imeyakataza majimbo kumnyima mgeni, nimeusikiliza hadi mwisho, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nusu yake ni kweli.

Mwaka 1969, katika kesi ya Shapiro dhidi ya Thompson, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizifuta sheria zilizomtaka mhitaji aishi katika jimbo mwaka mzima ndipo asaidiwe. Vivian Thompson alikuwa binti wa miaka 19, mjamzito na mwenye mtoto mmoja, aliyehamia Connecticut kutoka Massachusetts, akanyimwa kwa sababu mwaka haujatimia. Majaji walisema sheria hizo zinaminya haki ya kusafiri, haki ambayo, ajabu, haikutajwa waziwazi popote katika Katiba yao. California ikatafuta ujanja mwingine mwaka 1992: aliyehamia kutoka jimbo jingine alipwe kwa mwaka wa kwanza kile tu ambacho angelipwa alikotoka, hivyo familia ya watu watatu kutoka Louisiana ingepata dola 190 kwa mwezi ilhali majirani zao wanapata 641. Ujanja huo nao ulitupwa mwaka 1999, katika kesi ya Saenz dhidi ya Roe.

Asichowaambia msemaji wenu ni kwamba wanaobanwa na hukumu hizo ni majimbo. Kongresi, yaani bunge la nchi nzima, haibanwi hivyo inapomshughulikia mtu asiye raia. Mwaka 1976, katika kesi ya Mathews dhidi ya Diaz, mahakama hiyo hiyo ilikubali mgeni asiye raia asubirishwe miaka mitano kabla ya kuingia katika bima ya afya ya wazee, na tarehe 22 Agosti 1996 Rais Clinton alitia saini sheria inayomzuia mwenye Green Card mpya kupata misaada mingi ya serikali kuu kwa miaka mitano. Sheria hiyo ndiyo itakayokuhusu wewe, mpwa wangu.

Mimi nilihama jimbo baada ya kazi kukatika, nikaenda kuomba msaada. Mhudumu wa dirishani alipokea mkataba wangu wa pango na bili ya umeme, akavitoa nakala bila hata kuuliza nimefika mjini lini, nami nikaanza kuisifu Katiba yao moyoni. Kisha akaivuta Green Card yangu, akaweka ukucha juu ya mstari unaoonyesha tarehe niliyoanza kuwa mkaazi wa nchi, akanirudishia makaratasi yangu yamepangwa vizuri kuliko nilivyompa. Juma hilo hilo mliniomba fedha za dawa za mama, nikakopa, nikatuma. Mngeniamini vipi, wakati ujumbe kama huu unawaambia kwamba serikali inanilipa?

Basi usije kwa kutegemea posho. Hata hivyo ukishafika usiogope kuhama, kwa maana hapa hakuna kibali cha kuingia jimbo wala mjumbe wa nyumba kumi wa kwenda kujiandikisha kwake, na wapo wenzetu wanaoozea mahali pabaya kwa hofu tu. California kwa fedha zake yenyewe ina mpango wa chakula kwa watu ambao miaka yao mitano haijatimia. Ukilala njaa huko, nenda ukaombe, usione haya. Lakini usihamie California kwa ajili ya chakula, kwa kuwa kodi ya nyumba itakumaliza. Na kama unataka kusoma, tulia mahali pamoja, kwani vyuo vingi vya umma bado vinadai mwaka wa ukaazi jimboni kabla ya kukutoza karo nafuu ya mwenyeji, na katika hilo mahakama imeviachia. Najua nimekwambia uhame na sasa nakwambia utulie. Utaamua kulingana na kazi utakayopata.

Nauli ya basi ya kunifuata nitakulipia mimi. Fedha za pango la miezi ya kwanza njoo nazo, hata kama itabidi usubiri huko mpaka karibu na viza kuisha muda, na tafadhali ujumbe ule usimtumie mtu mwingine.