Mkanda wa baba na ngumi za shuleni

Pole dada yangu. Umesema umeitwa shuleni mara ya pili kwa sababu mwanao wa miaka 15 anapiga wenzake, na baba yake kila akisikia anachomoa mkanda. Ningeanzia hapo hapo. Mtoto anayechapwa kwa hasira anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mshindi, na somo hilo analibeba hadi shuleni.

Ila na wewe usijitoe. Umeandika mwenyewe kwamba baba akitoka unamrudishia mtoto simu aliyonyang'anywa, ili "apoe". Mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, aliueleza mtego huu vizuri: mtoto anafoka, mzazi anafoka zaidi, mtoto anapandisha, mzazi anachoka anakubali. Kesho atafoka mapema zaidi, maana ameshaona kelele zinasaidia.

Kaeni wewe na baba yake kwanza, mtoto asiwepo. Kubalianeni adhabu moja isiyo ya kipigo, mathalani simu ikae kabatini siku mbili, na mbili ziwe mbili kweli. Halafu mwulize kwa utulivu nini hutokea kabla ya ngumi ya kwanza. Huenda anachokozwa na hajawahi kuulizwa. Na chakula cha usiku ale nanyi kama kawaida, hata siku ya adhabu.