Kodi ya gesi inayouzwa nje kule Australia: bili ya mwananchi itashuka au haishuki?

Mleta mada ameuliza: Australia wakitoza asilimia 25 kwenye gesi inayopakiwa melini, bili za nyumbani zitashuka? Zinaweza kushuka upande wa mashariki, tena kwa kiasi. Kwingineko serikali itapata pesa, lakini gesi haitakuwa rahisi. Hayo ni mambo mawili na humu yamechanganywa tangu ukurasa wa kwanza.

Tuanze na bei. Kabla mitambo mitatu ya LNG (gesi asilia iliyopozwa hadi ikawa kimiminika) ya Curtis Island, karibu na Gladstone kule Queensland, haijaanza kusafirisha kati ya 2015 na 2016, gesi ya mashariki ilikuwa inauzwa kama dola 3 hadi 4 za Australia kwa gigajuli (kipimo cha nishati). Baada ya hapo mwenye gesi akapata mlango wa pili. Mnunuzi wa Sydney akija, anamuuliza kwanza: nikipeleka Asia nabaki na ngapi? Chukulia bei melini ni dola 15, na gharama ya kufikisha gesi mtamboni na kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ni dola 2. Anabaki na 13, kwa hiyo Sydney nao wafike 13. Weka tozo ya asilimia 25 ya ile 15, yaani 3.75, anabaki na 9.25. Sasa kumuuzia jirani kwa dola 10 kunamlipa kuliko kupakia meli. Tozo inashusha bei ya ndani kwa njia hiyo tu, haina nyingine.

Inakwama wapi? Kwanza kwenye mikataba. Shehena iliyofungwa kwa mkataba wa miaka 20 itaondoka tu, kodi iwepo isiwepo. Gesi inayoweza kurudi ndani ni ile ya ziada, isiyo na mwenyewe. Pili, mabomba. Jimbo la Western Australia, upande wa magharibi, halina bomba linaloliunganisha na mashariki, kwa hiyo tozo ya kule haipeleki hata gigajuli moja Melbourne. (Western Australia wenyewe walishajihami: tangu 2006 sera yao inataka kiasi sawa na asilimia 15 ya gesi ya miradi ya LNG kibaki kwa soko la ndani.) Hata Queensland iliyounganishwa, bomba la kwenda kusini lina ukomo wake, na kiu ya Victoria hupanda Juni hadi Agosti watu wanapowasha hita, huku visima vya Bass Strait, baharini kusini mwa Victoria, vikizidi kukauka.

Piga hesabu ya nyumba. Victoria familia hutumia kama gigajuli 50 kwa mwaka, Sydney kama 20. Punguzo lote la 3.75 likimfikia mlaji, Victoria ataokoa dola 187 na Sydney 75. Halifiki lote, na sehemu kubwa ya bili ni gharama ya mabomba na ya kampuni inayouza rejareja, ambayo kodi haigusi. Kwenye umeme, mtambo wa gesi wa kuwasha jioni unakula gigajuli 10 hadi 12 kwa kila megawati-saa, hivyo dola moja ya gesi inasogeza bei kwa dola 10 hadi 12, lakini ni kwa zile saa ambazo gesi ndiyo inayopanga bei.

Sasa pesa. Wengi mnasema "si wapandishe tu PRRT", ile kodi ya asilimia 40 ya faida ya petroli iliyotungiwa sheria mwaka 1987. Tatizo lake haliko kwenye kiwango, liko kwenye makato. Gharama za utafutaji ambazo hazijakatwa ziliruhusiwa kukua kila mwaka kwa riba ya hati fungani za serikali pamoja na asilimia 15 juu yake. Riba ikiwa 5, bilioni 1 inageuka bilioni 6.2 ndani ya miaka 10, na faida ya kiasi hicho chote haitozwi PRRT. Julai 2019 ile 15 ikashushwa hadi 5. Julai 2023 wakaweka ukomo kwa miradi ya LNG: makato yasizidi asilimia 90 ya mapato. Inabaki 10, mara asilimia 40, sawa na asilimia 4 ya mapato. Tena si mapato ya melini, ni thamani ya gesi kabla ya kusindikwa, inayokokotolewa kwa fomula inayogawa faida iliyobaki nusu kwa nusu kati ya kisima na mtambo. Na ile ya Gladstone? Inatoka nchi kavu, na nchi kavu iliondolewa kwenye PRRT Julai 2019. Wanalipa mrabaha wa jimbo na kodi ya kampuni, basi. Pandisha PRRT utakavyo, Curtis Island hawatasikia.

Ndiyo maana tozo ya melini ina mantiki: haina makato ya kujificha. Ila itozwe kwenye bei ya ankara, si kwenye bei ya soko la papo kwa papo la Asia. Mikataba mingi inafuata bei ya mafuta, tena kwa kuchelewa miezi kadhaa. Mwaka 2022 soko la papo kwa papo lilipaa mbali sana juu ya mikataba, na ukitoza kwa bei hiyo unadai kodi ya pesa ambayo muuzaji hajaiona. Bei ya soko itumike kama kipimo pale muuzaji na mnunuzi ni kampuni ndugu. Mimi ningeweka ngazi: sifuri bei ikiwa chini, kali ikipanda. Kiwango kiwe kimoja nchi nzima, maana katiba yao hairuhusu kodi inayobagua majimbo.

Kuzigawa pesa nako kuna mitego. Punguzo la serikali la dola 300 la 2024–25 liliingia kwenye bili ya umeme lenyewe, 75 kila robo mwaka, lakini baadhi ya wanaotumia mita ndogo za mwenye jengo ilibidi waombe wenyewe. Na punguzo likiisha, bili inaruka siku hiyohiyo, kwa kuwa bei yenyewe haikuguswa.

Kwa wanaouliza habari ya mradi wetu wa LNG wa Lindi, hapa Tanzania: mtungi wa jikoni ni gesi nyingine, LPG, tunayoagiza nje. Tozo ya LNG haitaushusha bei hata shilingi, labda mapato yake yatumike kufidia. Itakayonufaika moja kwa moja ni mitambo ya umeme na viwanda, na hapo kiasi cha kubaki ndani na bei yake viandikwe kwenye mkataba kabla wawekezaji hawajatoa uamuzi wa mwisho wa kuwekeza. Ukisubiri meli zianze kupakia, utakutana na kifungu cha kutobadilisha kodi.