Namba ya Nyumbani Usiitoe

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Amu wazima, Alhamdulillahi. Goti la babako limetulia tangu aanze kwenda Shela kwa miguu asubuhi, ingawa yeye asema ni yale mafuta uliyomletea. Kusi imeshika, na maboti ya Mokowe yanafika yamelowa hadi mizigo.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeandika: "Mama, wewe ndiwe muuza laini wa nyumba hii. Nitakaa Dubai siku chache kwa khalati, dadako, kisha Ujerumani mpaka mwisho wa Agosti. Ninunue bando la romingi la huku Kenya, nipate laini ya huko, au niweke eSIM, ile laini isiyo na kadi? Ipi bora?"

Swali zuri, na majibu nitakupa. Lakini wewe waniuliza utapataje intaneti. Mimi kabla ya hilo nina langu: sisi tutakupataje wewe? Namba ya nyumbani haitolewi kwenye simu. Najua unacheka sasa hivi, na kakako akisoma atasema "Mama ameanza." Naam, nimeanza.

Laini yako ya Kenya iache ndani ya simu. Kabla hujapanda ndege, ifungulie romingi, yaani ruhusa ya kutumia mitandao ya nchi za watu, na uweke salio kidogo. Kisha ingia kwenye mipangilio, uzime data ya romingi kwa laini hiyo tu. Watu wanaokuja hapa dirishani huchanganya mambo haya mawili, wakadhani ni kitu kimoja. Romingi ikiwa wazi, laini inashika mtandao wa ugenini na ujumbe mfupi unaingia, kwa kawaida bila malipo. Benki yako ikitaka kuhakikisha kuwa ni wewe, zile tarakimu zitakuja kwenye namba hiyo, na M-Pesa yako pia imefungwa kwenye namba hiyo. Kinachomeza pesa ni data: picha zinajipakia zenyewe, programu zinajisasisha, nawe umelala. Na kama simu ni iPhone, tazama pale kwenye data, kuna kitufe kinachoiruhusu kuhamia laini ya pili yenyewe mtandao wa ile ya kwanza ukidhoofika. Kizime hicho.

Simu ya kawaida ikiingia kutoka Kenya, usipokee, maana ugenini anayepokea naye hulipa. Iache ikatike, kisha utupigie kwa WhatsApp. Ila ukiona nimepiga mara tatu mfululizo, pokea, iwe kwa pesa ngapi. Hilo halina mjadala.

Wewe ulikuwa bado shule ya bweni mwaka ule bibi yako alipopelekwa Chennai kwa ajili ya moyo, na mengine tulikuficha. Babako alikuwa na simu ya laini moja. Kupata laini ya India kwa mgeni kulikuwa na mlolongo wake: pasipoti, picha, nakala ya viza, anwani ya hoteli, kisha ungoje iwashwe. Alipoipata akaitia, na ile ya Kenya akaifunga kwenye karatasi akaiweka kwenye pochi. Jioni akipiga, kwetu ilikuwa inatokea namba ya ajabu isiyopigika, kwa sababu zile kadi za bei rahisi zilipitisha simu njia za kuzungukazunguka. Kwa hiyo yeye alitupata akitaka. Sisi tulikuwa na namba moja tu ya kumpata, na namba hiyo ilikuwa imelala ndani ya pochi.

Ndipo ami yako mkubwa akafa. Alikufa alfajiri, akazikwa baada ya Laasiri, wajua mambo yetu hayangoji. Nilimpigia babako toka alfajiri ile. "Mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa." Yule mwanamke wa kwenye simu nilimchukia mimi, ingawa hana kosa. Na jioni ile babako hakupiga, kwa sababu bibi yako alikuwa chumba cha upasuaji. Wala siku ya pili.

Alipopiga, hitima ilikuwa imeshasomwa. Alipiga kwa furaha. Akasema bibi amefumbua macho, ameomba uji. Akacheka. Kisha akauliza, "Na ndugu yangu, kifua chake kimepoa?" Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza ikinitazama. Nikasema, "Baba watoto, ndugu yako..." na kadi yake ikaisha.

Mwanangu, mimi sijui alitembeaje kwenda kutafuta kadi nyingine usiku ule, katika mji asiojua lugha yake, na maneno yale mawili masikioni. Yeye hasimulii. Ukimuuliza, jawabu lake ni lilelile: "Hata ningejua, ningefanya nini? Jeneza halingoji ndege." Na labda kweli. Asingefika Amu hata angepata tikiti saa ileile. Nikilitazama hivyo namuona ana haki, tena labda ilikuwa rehema, maana alikuwa na mama yake kitandani na alihitaji moyo mmoja usiogawanyika. Lakini nikiligeuza tena silikubali. Angemswalia ndugu yake swala ya ghaibu siku ileile, wakati sisi tunamswalia hapa. Asingeuliza habari ya kifua. Mimi nisingekuwa wa kumwambia kwa sentensi iliyokatika. Tumelizozania miaka, nawe umetusikia ukidhani ni habari ya pesa za simu.

Kwa hiyo namba ya nyumbani haitolewi kwenye simu. Siku hizi huna udhuru, simu yako inabeba laini mbili.

Haya, sasa swali lako.

Romingi ya laini ya Kenya kwa data, hiyo ni ya mtu mvivu, nami simlaumu. Hakuna kutafuta duka, unashuka ndege unaendelea. Lakini usinunue bando kwa kuona GB peke yake. Tazama nchi zilizotajwa, tazama siku ngapi, na tazama bando likiisha kunatokea nini: linakata, au linahamia kwenye salio kwa bei ya kila MB? Hapo ndipo watu hulia. Sisi Wakenya pia tulizoea vibaya. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, ukawa unakwenda Tanga unapokea simu bila kulipa, watu wakadhani dunia nzima itakuwa hivyo. Wazungu nao wakafikia hapo kwa sheria tarehe 15 Juni 2017: laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya inatumika nchi nyingine za Umoja kwa bei ya nyumbani, kwa kiasi fulani. Lakini sheria hiyo ni ya laini zao. Laini yako ya Kenya ukiwa Berlin, sheria hiyo haiihusu hata kidogo.

Dubai ni kisa kingine. Kule WhatsApp ya kuandika inapita, ya kupiga imezuiwa. Khalati yako miaka yote hii ananitumia sauti za kurekodi, mimi najibu kwa sauti, ndiyo mazungumzo yetu. Ukinunua laini ya kule au ukatumia waifai ya nyumbani kwake, nawe utanyamaza vivyo hivyo. Lakini data ya laini iliyo kwenye romingi kwa kawaida hurudi kwanza kwenye mtandao wa kwao ndipo itoke kwenda intaneti, na ndiyo maana wasafiri wengi huona simu za WhatsApp zinapita kule wakiwa na laini ya nyumbani. Kwa siku chache za Dubai, basi, bando dogo la romingi la Kenya lina hoja yake. Nimesema lina hoja, sikusema nunua.

Ujerumani utakaa zaidi, na hapo laini ya kwao inaanza kuwa na maana: utapata namba ya kuwapa wenyeji na data nyingi kwa bei yao. Jua tu kwamba tangu Julai 2017 hata laini ya kulipia kabla haiwashwi mpaka wakutambue kwa pasipoti, pengine kwa video, na wataka anwani. Usidhani utaitia tu uwanja wa ndege ukaanza kupiga. Na ukienda kule kusini, Konstanz na pande zile, simu inaweza kushika mtandao wa Uswisi bila kukuuliza, kama tunavyoshikwa na Tanzania tukifika Lunga Lunga. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Wala Uingereza haimo tena, ukishawishika na wale rafiki zako wa London. Mpaka ukiwa karibu, chagua mtandao kwa mkono.

Hiyo eSIM, kakako ananiambia mimi ni mzee siipendi. Si kweli, naipenda, ila siwezi kuishika mkononi wala kumuuzia mtu kwenye kibahasha. Kwanza hakikisha simu inaikubali: bonyeza *#06#, ukiona namba ndefu ya tarakimu 32 yenye jina EID, inaikubali. Pili, hiyo simu aliyokuletea binamu yako kutoka Marekani, huenda imefungwa kwa kampuni ya kule. Jaribu laini nyingine ndani yake wiki hii, usingoje uwe Frankfurt. Tatu, isakinishe ukiwa nyumbani kwenye waifai nzuri, maana inataka intaneti ili ikupe intaneti. Soma siku zake zinaanza kuhesabiwa lini, ukiisakinisha au ikigusa mtandao wa kwanza. Na ukishaiweka usiifute kwa kuchezacheza, kwa kuwa nyingi msimbo wake wa QR hukubali mara moja tu. Nyingi pia ni data tupu, hazina namba ya kupigiwa, na hapo wengine huziona na upungufu. Mimi naona ndiyo sifa yake, kwa sababu inakulazimisha kubaki na namba yako ya Kenya pale pale pembeni. Unaona tumerudi wapi.

Ukubwa wa bando nakuachia, wewe ndiwe unayejua unatazama video ngapi. Ramani za mji zipakue ukiwa kwenye waifai. Kwa kuzungumza nasi sauti inatosha, video inakula data mara nyingi zaidi, na babako hata hivyo hutuonyesha dari.

Sasa utasema: mama, umezunguka Amu nzima, hukunijibu ipi bora. Sitakuchagulia. Una kazi yako, una mshahara wako, na siku niliyokuchagulia kozi ya chuo bado tunaikumbuka wote. Mwenye safari ndiye ajuaye. Ingawa mtu mwenye simu inayokubali eSIM, asiyetaka kusimama foleni na pasipoti, anayepita nchi zaidi ya moja... la, nimesema sitasema. Na kwa upande mwingine muda wote huo kule bila namba ya kienyeji nao una usumbufu, mwenye nyumba ataitaka, daktari ataitaka. Basi. Angalia mwenyewe, kisha uniambie umechagua nini, nami nitakwambia kama nilikuwa nafikiria hilo hilo.

Khalati yako ameomba achari ya maembe, nimeshaitia kwenye makopo, ifunge vizuri isije ikamwagikia nguo za kazini. Dubai wako mbele yetu saa moja, na Ujerumani msimu huu wako nyuma yetu saa moja. Tupigie baada ya Isha ya huku. Kwako jua litakuwa bado juu, utakuwa umeshatoka kazini, na babako atakuwa amerudi msikitini. Akipokea yeye, mwambie umeweka laini zote mbili, hata kama hakuulizi.

Mamako