BMI 23, kiuno 91: nisome jedwali la Wahindi au la Waafrika?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, niko Mombasa. Mama ni Mhindi wa Kigujarati, baba Mdigo. Kimo changu sentimita 168, kilo 66, kiuno sentimita 91. Baba aliugua sukari, akakatwa vidole viwili vya mguu. Nimesoma kwamba Wahindi wana vipimo vyao vya mwili na Waafrika vyao. Halafu mtaani walikuja watu na mashine, unashika kichuma inakutolea karatasi, yangu ikasema kongosho liko vizuri. Sa nifuate jedwali lipi, na kwa wembamba huu kweli nina haja ya kutolewa damu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo karatasi ya mashine tuiweke kando kwanza, ntairudia, maana nikianza nayo sitakujibu kitu ntabaki kugomba tu.

BMI yako, yaani kilo zako ukizigawa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, ni 23.4. Kwa jedwali la kawaida la Shirika la Afya Duniani, WHO, ambalo uzito mkubwa unaanzia 25, we huna neno. Ila mwaka 2004 jopo la hao hao WHO lilisema Waasia hatari yao inaanza kupanda mapema, wakaweka alama kwenye 23 na 27.5, kwa hiyo upande wa mama ushavuka. Uingereza nao 2021 wakapekua rekodi za wagonjwa kutafuta hivi: Mzungu mwenye BMI 30 ana hatari fulani ya kupata kisukari cha aina ya pili, je wengine wanaifikia hatari hiyo hiyo wakiwa na BMI ngapi? Watu weusi 28.1, Wachina 26.9, Waarabu 26.6, watu wa Asia Kusini 23.9. Kwa kimo chako 23.9 ni kama kilo 67 na nusu. Umebakiza kilo moja na nusu, yaani Idi moja na biriani zake ushafika.

Sasa njoo kwenye kiuno, hapa ndo utacheka. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilitoa mipaka ya kiuno kwa makabila ya dunia: mwanamume wa Kizungu 94, wa Asia Kusini 90. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara je? Tukaambiwa tutumie ya Wazungu kwa muda mpaka takwimu zetu zipatikane. Baadae watafiti walipokusanya vipimo vya Waafrika wenyewe kutoka nchi kadhaa, mpaka wa wanaume ukaangukia kwenye sentimita 81 hivi, na wanawake 81 vile vile. Haya, kiuno chako ni 91. Kwa 94 ya kuazima umepona, kwa 90 ya wajomba zako umezidi kidogo, kwa 81 umezidi sana. Tumbo ni lile lile moja, hujaongeza hata chapati.

Jedwali la chotara halipo, na mimi mtu akichanganya damu namsomea mpaka wa chini, nimemaliza. Ukitaka njia isiyouliza kabila, gawanya kiuno kwa kimo, Waingereza wanashauri isifike 0.5. Yako ni 0.54. Ila upime vizuri: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila shati, umeshusha pumzi kawaida, na tepu isiwe ile ya fundi cherehani iliyovutwa miaka kumi mpaka imelegea. Saizi ya suruali usiniletee. Wanaume wengi wanafunga mkanda chini ya kitambi halafu wananiambia "mimi daktari navaa 32 tangu shule".

Na hapo ndo kwenye kero yangu. Kila wiki napokea mtu mwembamba, mikono vijiti, kitumbo kidogo kama ameficha bakuli ndani ya shati, ukimwambia sukari yako 17 anakuangalia kama umemtukana, "mimi? mbona si mnene?" Nani aliwaambia kisukari kinapanda mizani kwanza kabla hakijaingia? Kuna madaktari wawili, Yajnik wa Pune na Yudkin wa London, walipiga picha pamoja ikatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2004. Wote BMI 22.3, ukiwatazama wote wembamba tu, lakini walipopimwa mafuta ya mwili Mwingereza alikuwa na asilimia 9.1 na Mhindi 21.2. Mizani haijui nyama ni ipi na mafuta ni yapi, wala haijui kama mafuta yamekaa makalioni ambako hayana fujo sana au yamezunguka ini na kongosho ambako yanaizuia insulini, ile homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi. Na kwa Mwafrika mambo yanageuka tena, kiuno kikiwa sawa na cha Mzungu mara nyingi mafuta ya ndani ya tumbo kwetu ni machache zaidi na bado sukari inatupata, kwa hiyo hata tepu nayo ina upofu wake. Wapo pia wanaougua kwa sababu ya lishe duni tangu utotoni, wamekonda kabisa, IDF 2025 imewapa jina lao, aina ya tano.

Kwa hiyo swali la jedwali lipi ni zuri ila lisikupotezee muda. Vipimo vya mwili kazi yake ni kusema nani aanze kuitwa maabara, havisemi nani asiende. Wewe na baba wa namna hiyo na miaka 44 ungeitwa hata kiuno kingekuwa 80. Nenda asubuhi hujala kitu usiku kucha, wakutoe damu ya mshipa: sukari ya 7.0 (mmol/L) kwenda juu ni kisukari, ikirudiwa siku nyingine ikatoka hivo hivo, na 6.1 mpaka 6.9 uko mlangoni, hapo omba kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili. Kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ni kizuri, mpaka wake asilimia 6.5, lakini pwani yetu wengi wamebeba kinasaba cha selimundu bila kujua, na hicho kinaweza kuishusha namba ukaambiwa uko salama. Usikitegemee peke yake.

Haya, mashine. Kichuma unachoshika mkononi hakiwezi kujua sukari yako wala hali ya kongosho, hakijagusa damu, hakijagusa mkojo. Kinakuuliza umri, uzito, kimo, jinsia, halafu kinatema kurasa thelathini. Jaribu siku moja kumwambia opareta uzito wa uongo uone "kongosho" linavobadilika. Na ona mwisho wake: hakuna anayetoka pale bila kuandikiwa makopo ya unga ya maelfu, hata mzima anauziwa "ya kusafisha". Nimepokea mama aliyeacha insulini kwa karatasi kama hiyo, alifika anapumua kwa kasi, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, siku tatu hajitambui. Kopo lilikuwa kwenye mkoba wake, nusu limeliwa.

Ndugu zako wa tumbo moja nao waende, hasa dada zako kama kuna aliyewahi kuambiwa sukari imepanda wakati wa ujauzito. Na majibu yakitoka niandikie namba yenyewe na kama ulikuwa hujala, usiniandikie "wamesema iko sawa".