Neno moja linavyoweza kumfukuza msomaji kwenye stori za mahaba ya wanaume

Mkuu umeuliza kwa nini wasomaji wanakwambia stori yako imekaa vizuri ila maneno yanawakwaza, na ukaweka ule mstari wanaoulalamikia, "alimtumia usiku kucha". Unauliza kama kweli neno moja linaweza kumfanya mtu aache stori katikati. Linaweza kabisa. Mi naandika stori za mahaba ya wanaume mwaka wa saba huu, kuna wasomaji nimewapoteza kwa neno moja na kuna waliorudi baada ya kulibadilisha, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua, itakuwa ndefu kidogo nivumilie.

Naanza na lililoniuma zaidi. Stori yangu ya tatu, jamaa wawili watu wazima wako kitandani, wameshazoeana, mmoja kamlalia mwenzake kifuani anamwita "msenge wangu" kwa sauti ya chini. Kichwani mwangu ilikuwa kitu kitamu, tusi limegeuzwa likawa la kwao wawili tu. Msomaji mmoja aliyekuwa ananifuatilia toka mwanzo akaniandikia kwamba alipofika hapo alizima simu akakaa tu, kwa sababu hilo ndo neno alilofukuzwa nalo nyumbani kwao. Hakunitukana wala nini, alisema tu "nilikuja kwenye stori yako kupumzika nikalikuta hukohuko". Iliniuma sana. Nikarudia kusoma kile kipande kama vile ni yeye anasoma, nikaliona kosa. Hakuna sehemu yoyote nyuma ambapo hawa watu wawili wamewahi kuliongelea hilo neno, nani aliwahi kuwaita, wapi, walijisikiaje. Nililitoa tu mtaani nikalitupa kitandani.

Sikulifuta. Niliandika kipande kizima kabla ya hapo, mmoja anasimulia alivyoitwa hivyo mbele za watu, kimya kinapita, halafu yeye mwenyewe anamwambia mwenzake "niite wewe, nataka nilisikie kwa mtu anayenipenda". Baada ya hapo neno likabaki palepale lilipokuwa. Yule msomaji alisoma tena akaniambia safari hii alilia, ila kilio kingine.

Ndo maana siamini kwenye orodha ya maneno mabaya na mazuri. Kila neno tulilonalo limetoka sehemu na msomaji anaijua hiyo sehemu kwa mwili wake. Shoga, wanawake wanaitana hivyo mpaka leo na maana yake ni rafiki wa karibu, likipelekwa kwa mwanaume linageuka kidole cha kunyooshewa. Hanithi limetoka kwenye Kiarabu na linabeba pia maana ya mwanaume asiyeweza tendo, sasa hilo kwenye kipande cha mahaba linaua kila kitu. Basha na lenyewe linamfungia mtu kwenye kazi moja tu. Kuchu wengi wanalipenda kwa sababu wapenzi wa jinsia yao wenyewe ndo wanajiita hivyo, ila si kila msomaji analijua, kwa hiyo mi huwa naliweka kinywani mwa mhusika, silisemi mimi msimulizi. Na "mapenzi ya jinsia moja" halina tusi lakini ni neno la taarifa ya habari, hakuna mtu anayemnong'oneza mwenzake hivyo. Hata lile neno la Ulaya, homoseksuali, aliyelichapisha kwanza ni mwandishi Karl-Maria Kertbeny mwaka 1869 akiwa anapinga sheria ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, iliyokuwa inawafunga wanaume waliolala na wanaume, yaani lilianza kama utetezi, halafu madaktari wakalibeba likawa jina la ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani lilikuja kuuondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Harufu ya hospitali bado iko kwenye hilo neno.

Sasa kitu ambacho sioni watu wakikiongelea ni vitenzi, na mi naona hapa ndo penyewe. Kiswahili chetu kinakulazimisha useme nani anatenda na nani anatendwa. Angalia tu kuoa na kuolewa, kabla hujasema lolote umeshagawa watu mafungu mawili. Ukiingia nayo chumbani hiyo bila kufikiri unajikuta umeandika "Salim alimvua, akamlaza, akamgeuza", mistari kumi ya alim- na akam-, na Beka, mpenzi wake, hajafanya kitu hata kimoja, ni kama gunia. Ukijitetea ukampa Beka sentensi zake zinatoka "alivuliwa, akalazwa, akageuzwa", huyo sasa ni mgonjwa yuko wodini. Msomaji anayejiona kwa Beka anasoma kwamba yeye kazi yake ni kufanyiwa, na hilo ameshaambiwa sana huko nje kwa dharau.

Mi nilikuwa na kipande cha hivyo cha Salim na Beka, nikakiandika upya hivi: Salim alifungua kifungo cha kwanza, vilivyobaki Beka akavifungua mwenyewe, taratibu, akimwangalia. Hakuna neno chafu hapo lakini watu walinitajia hicho kifungo miezi mingi baadaye. Tumia -ana, wakashikana, wakavutana, wakazoeana. Tumia na ile ya kumfanyia mtu kitu, alimfungulia, alimsogelea, alimlegezea bega, ina upole ndani yake. Na "kupokea" ni kitenzi cha kutenda jamani! Anayepokea anafanya kitu, amefungua mikono. "Alimpokea" na "aliingiliwa" zinaweza kuelezea dakika ileile moja lakini ya pili ni lugha ya polisi.

Viwakilishi navyo vinasumbua. Wote wawili ni "a-" na "m-", kwa hiyo "alimvuta akamwambia anampenda" hakuna anayejua nani kamwambia nani. Mwanzoni nilikuwa na Salim na Sefu, herufi moja, watu wakawa wanachanganya mpaka nikambadilisha Sefu kuwa Beka. Wengine wanakimbilia "yule mrefu" na "yule mweupe", usifanye hivyo, kama tunaona kwa macho ya Beka basi Beka hawezi kumwita mpenzi wake "yule mwanaume mrefu" kama anatoa maelezo ya mtu aliyepotea. Rudia jina, kurudia jina kitandani si kosa, watu wanaitana majina. Na kwa vile lugha yetu haitaji jinsia, ukichelewa kuonyesha kwamba ni wanaume wawili msomaji anaweza kwenda aya tano akimwona mwanamke, kwa hiyo weka ndevu, weka sauti nzito, kitu chochote mapema.

Maneno ya mwili sitakaa sana. "Uume" ni darasa la baiolojia, ya mtaani yanafaa kwenye mazungumzo kama wahusika wako ndo wanavyoongea, na mkuki na bunduki na mashine achana navyo kwa sababu ukishaleta silaha kitandani mtu mmoja anakuwa adui. Mara nyingi mi nabaki kwenye shingo, pumzi, mgongo wenye jasho, msomaji anajazia mwenyewe na anajazia vizuri kuliko mimi.

Ila kuna moja silegezi. Usiandike "mvulana" wala "kavulana" kwa mtu wa miaka 28. Najua wengine wanaona ni utamu, lakini msomaji anasimama anajiuliza huyu ana umri gani, na akishajiuliza mara moja hicho kipande kimekufa, na ana haki. Andika mwanaume, jamaa, mshikaji.

Pia watu wanaogopa neno kondomu eti linakata stimu. Linakata kama umeliandika kama tangazo la kliniki. Beka ananyoosha mkono kwenye droo bila kumwachia Salim, Salim anacheka anamwambia "harakisha", imeisha. Hivyohivyo na kuulizana. "Unataka?" ni neno moja, na kwa msomaji ambaye hajawahi kuulizwa hilo swali maisha yake yote linaweza kuwa ndo neno lenye moto kuliko yote kwenye ukurasa.

Sasa mstari wako, "alimtumia usiku kucha". Najua ulitaka kuonyesha hamu, lakini kitu kinachotumiwa hapo ni mtu, na asubuhi kitu kilichotumika kinatupwa, hivyo ndo wanavyousikia. Wafanye wote wawili watende halafu wape kitu kingine cha kutumia. "Waliutumia usiku wote." Jaribu kuupachika hivyo kisha soma aya nzima kwa sauti, nadhani na sentensi inayofuata itabidi uiguse kidogo.