Digrii ya baiolojia na utafiti wa tiba
Dada, umeuliza kama mwenye digrii ya baiolojia, asiye daktari, anaweza kufanya utafiti wa tiba. Anaweza, tena sana tu. Chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ilijaribiwa pia Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Madaktari waliwaangalia watoto, sawa, lakini kupima kingamwili (kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea) ni kazi ya maabara, na kuchambua data ni ya watu wa takwimu. Hizo takwimu ndizo zinazotutoa jasho wengi (mimi nikiwemo), kwa hiyo zianze mwaka wa kwanza, usisubiri tasnifu. Ukifika uzamili, omba mapema kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti kwa watu. Kinaweza kula miezi.