Kwa Nini Uzito Nilioupunguza Umerudi?

SWALI: Daktari, nilijinyima chakula kwa miezi minane nikapungua kilo 14. Mwaka haujatimia, kilo 11 zimekwisha kurudi, na njaa ninayoisikia sasa inazidi ya zamani, kiasi kwamba naondoka mezani nikiwa bado nakitamani chakula nilichotoka kukila. Jamaa zangu wanasema sina msimamo. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na ningefurahi jamaa zako wasome jibu hili pamoja nawe.

Chini ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, yenye uzito wa gramu 4 hivi, ambayo usiku na mchana hufuatilia akiba ya mafuta mwilini. Habari za akiba hiyo huletwa na leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York, ambayo hutolewa na seli za mafuta zenyewe. Ulipopungua, leptini ilishuka na grelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, ikapanda. Ubongo haukujua kwamba ulijinyima kwa hiari. Uliona akiba inakwisha, ukakuzidishia njaa na kuubana mwili utumie nishati kidogo kuliko inavyotazamiwa kwa mtu wa uzito wako mpya. Hali hiyo haiishi upesi: watafiti wa Australia waliowapima watu 50 waliopunguza uzito walieleza mwaka 2011 kwamba hata baada ya mwaka mzima homoni zao zilikuwa bado zinachochea njaa.

Huenda ukauliza kwa nini tusikudunge leptini. Watoto wachache waliozaliwa bila homoni hiyo husaidika sana nayo, lakini watu wengi wanene wanayo tele katika damu, ila ubongo wao umekuwa sugu kwayo.

Zipo dawa, kama semaglutide, zinazotuliza njaa kwa kupitia ubongo, ingawa wengi wakiziacha uzito huwarudia. Usingizi wa kutosha nao usiupuuze, maana kukesha huongeza hamu ya kula. Nakusihi urudi kwa daktari wako, umweleze njaa hiyo kama ulivyoniandikia mimi, ikiwa ni pamoja na hilo la mezani, kwa kuwa ni dalili inayostahili kutibiwa.